Kadi za Shemeji

Hospitalini walimwita Daktari wa Mashine, ingawa hakuwa daktari na hajawahi kumdunga mtu sindano. Alikuwa fundi wa vifaa vya tiba, mwanamume wa miaka thelathini na saba, mwembamba, mwenye bisibisi ndogo iliyokaa kwenye mfuko wa shati mahali ambapo wenzake huweka kalamu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la kufulia nguo. Mlikuwa na meza ndefu, dirisha la wavu, na rafu zilizojaa mizani ya watoto, vipima presha na pampu zilizokata roho zikisubiri ama kufufuliwa ama kuzikwa.

Jina hilo alilipata kwa mashine za kulelea watoto njiti. Hospitali ilikuwa nazo sita, msaada wa miaka mingi, na nne kati ya hizo zilikuwa zimetupwa stoo kwa sababu kiwanda kilichozitengeneza kiliacha kuuza vipuri vyake. Fundi alikaa nazo miezi mitatu. Feni alizing'oa kwenye kompyuta kuukuu, vipimajoto akaviunganisha upya, na kisahani cha kusambazia joto alikitengeneza mwenyewe kwa bati la alumini, baada ya kuharibu visahani kumi na kimoja. Alizipima wiki tatu mfululizo kabla ya kumruhusu mtu yeyote azisogelee. Siku alipozikabidhi, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, mwanamke ambaye kusifu kwake kulikuwa adimu kama mvua ya kiangazi, alitia mkono ndani ya mashine ya kwanza, akautuliza humo dakika nzima, kisha akasema, "Hili ni joto la mama." Akaenda zake.

Mwaka uliofuata alifika mgeni, mhadhiri kutoka chuo kikuu cha ng'ambo, aliyekuwa akizungukia hospitali kuona vifaa vinavyoharibika na sababu zake. Alipiga picha kile kisahani mara sita. Akauliza nani amekitengeneza, akaletewa mtu mwenye bisibisi kifuani.

"Njoo usome shahada ya uzamili kwetu," mgeni alimwambia. "Mambo haya haya unayoyafanya hapa kwa kubahatisha, kule tunayatafiti. Chuo kitakugharamia. Lakini kuna mtihani wa kuingilia, wa hesabu na wa maneno ya Kiingereza. Hesabu hazitakusumbua. Maneno ndiyo huwaangusha mafundi."

Fundi alitabasamu kwa adabu, moyoni akicheka. Kiingereza kingemwangushaje yeye, aliyesomea kwa lugha hiyo tangu sekondari, na ambaye vitabu vyote vya mashine zake viliandikwa kwa lugha hiyo? Alijiandikisha, akaenda, akakaa mbele ya kompyuta. Hesabu alizifanya akipiga mluzi wa kimoyomoyo. Ilipofika sehemu ya pili, mluzi ulikatika. Mbele yake yalipangwa maneno ambayo hajawahi kuyaona yakiandikwa popote: mendacious, obsequious, perfidious, lugubrious. Yalisomeka kama majina ya magonjwa.

Matokeo yalipokuja, mke wake ndiye aliyeyasoma kwanza. Kwenye hesabu, kati ya kila watahiniwa mia, mume wake aliwashinda themanini na tisa. Kwenye maneno aliwashinda kumi na mmoja.

"Kumi na mmoja," mke alirudia taratibu. "Na hao kumi na mmoja, walikuwa macho au walisinzia?"

Mtu mwingine angenuna. Fundi alicheka mpaka machozi, kwa sababu mke wake hakuwa na hila. Alikuwa na ulimi tu, na kwa ulimi huo ndio alimpenda. Kisha alipiga moyo konde. Alinunua kitabu chenye maneno elfu moja, akakata kadi kutoka kwenye maboksi ya glovu, akaandika neno upande mmoja na maana yake kwa Kiswahili upande wa pili. Akaanza na herufi A, kama mtu anayelima shamba kuanzia kona.

Alipofika C, A zote zilikuwa zimeota majani tena. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile, na mengine hayakuingia kabisa, yalipita nje ya kichwa yakaendelea na safari zao. Nyumbani hakukuwa na pa kusomea. Jirani wa ukutani alikuwa akitengeneza madirisha ya chuma, na msumeno wake ulilia kutwa, ukiacha nafasi kidogo tu za watoto wawili wa fundi kupigana. Karakanani ndiko kabisa. Kila alipofungua kadi mlango uligongwa, na kila mlango ulipogongwa kulikuwa na kitu kimezimika mahali fulani huku mgonjwa akingoja.

Basi akazoea kutoka kazini saa tisa alasiri na kwenda moja kwa moja kwenye saluni ya mke wake, kumngojea mpaka afunge saa kumi na mbili. Saluni ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara, chenye vioo viwili, viti vitatu vya kuzunguka, sinki lenye mpira wa maji, na mashine mbili za kukaushia nywele ambazo yeye mwenyewe alizitengeneza mara nyingi hata zikawa zinamjua. Nyuma ya mashine hizo palikuwa na benchi. Hapo alikaa na kadi zake, magoti yamebana, kichwa kimeinama.

Wateja walimheshimu. "Nyamazeni, shemeji anasoma," waliambiana. Heshima hiyo ilidumu siku mbili.

Siku ya tatu alikuwepo Mama Nyanya. Huyu alikuwa na meza ya nyanya sokoni, mwanamke mnene mchangamfu ambaye maneno yalimtoka kama uzi kwenye cherehani, na kusuka nywele zake kulichukua saa nne, saa nne ambazo mikono yake haikuwa na kazi.

"Shemeji, hebu nipe hizo karata nizishikeshike."

"Si karata, dada. Ni kadi za masomo."

"Zote si karatasi ngumu? Lete."

Akapewa rundo. Kiingereza Mama Nyanya hakukijua, lakini herufi alizijua vizuri, kwa hiyo aliivunja kadi ya juu vipande vipande kama mtu anayekata muwa. "Pa-ri-si-mo-ni-o-u-si. Maana yake?"

Fundi alitazama dari. Alijikuna kichwa. "Asubuhi nilikuwa naijua."

"Sasa ni jioni." Mama Nyanya aligeuza kadi, akasoma nyuma. "Mtu asiyependa kutoa hata kidogo. Ahaa, mkono wa birika. Si ungeniuliza mimi? Huyu ni baba mwenye nyumba wangu." Akaanza kueleza jinsi baba huyo alivyokuwa akipanda ngazi za jengo kila alfajiri, anafungua balbu ya kwenye ngazi, anaitia mfukoni na kutembea nayo kutwa, ili mtu asije akaiwasha mchana kwa bahati mbaya. Siku moja alikutana na mwenzake njiani, wakakumbatiana kwa furaha, balbu ikapasuka. "Alilia, shemeji. Wallahi sikuongopi. Yule mwenzake akadhani analilia urafiki."

Saluni nzima ilivunjika mbavu. Mke wa fundi alilazimika kuweka kitana chini.

Kesho yake asubuhi, mke alikuwa akifunga mkoba wa mtoto wa kwanza. Bila kugeuka akauliza, "Parsimonious?"

"Balbu mfukoni," mume alijibu kabla hajafikiri. "Bahili."

Wakatazamana.

"Unaona?" mke alisema. "Mimi nikisuka, kila mkunjo naokota nywele kidogo za mtu mwenyewe. Nisipookota, msuko utapendeza, lakini utaning'inia hewani. Mtu akilala nao, asubuhi anaukuta kwenye mto. Wewe umesuka maneno elfu moja bila kuokota hata unywele."

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Kila mwanamke aliyekaa kitini alipewa kadi tano, na kazi yake ilikuwa kulitafutia kila neno mtu. Na watu walikuwepo. Fundi alishangaa kuona kwamba maneno yale ya kutisha, yakishavuliwa koti, ndani yake anamkuta mtu ambaye Kiswahili kilimpa jina zamani. Capricious alikuwa kigeugeu. Akapewa bibi harusi mmoja aliyebadilisha rangi ya nguo za wasimamizi wake mara nne, na mara ya nne akarudia ile ya kwanza. Cajole ilikuwa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Officious ilibishaniwa nusu saa, mpaka Karani alipoitatua.

Karani alikuwa mteja wa siku za Ijumaa, mwanamke kijana aliyefanya kazi mahakamani na aliyekuwa na Kiingereza kizuri kuliko wote pale, ingawa alikificha ili asionekane anaringa. "Officious ni kiherehere," alisema. "Mnamkumbuka jirani yangu? Alikuja kwetu kupanga viti vya msiba wakati mgonjwa bado yuko chumbani anakunywa uji. Mgonjwa akatoka, akamsaidia kupanga."

Karani huyo huyo ndiye aliyeleta mtu wa equivocate. Alikuwa shahidi aliyeulizwa na hakimu kama siku ya ugomvi alikuwepo au hakuwepo. "Mheshimiwa," shahidi alijibu, "nilikuwepo kwa namna ya kutokuwepo." Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama upya kama anayetafuta ni nusu ipi iliyokuwepo.

Habari za shule hiyo zilimfikia mama mkwe. Jumanne moja akaja kuoshwa nywele, mama wa heshima zake, kitambaa kimekunjwa begani. Alipoingia tu, vicheko vilikaa vizuri. Fundi aliinuka kwenye benchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa. Nasikia hapa mmefungua darasa. Na mimi nipeni kadi nimsaidie mwanangu."

Hakuna aliyethubutu kukataa. Mama mkwe alichomoa kadi katikati ya rundo, akaishika mbali na macho, akaitaja herufi moja moja. Fundi alisikia L, akasikia A, akasikia S na C, na kabla ya herufi ya tano alikwisha kutambua kwamba katika kadi elfu moja mkono wa mama mkwe wake umeangukia lascivious.

"Maana yake nini, baba?"

"Ni... ni mtu mwenye macho yasiyotulia, mama."

"Macho mabovu?"

"Hapana, mama. Ni mazima." Akaongeza, "Mazima kupita kiasi."

Mama mkwe alilifikiria jibu hilo. Nyuma yake Mama Nyanya alikuwa ameuma taulo. Mke wa fundi aligeukia kioo kana kwamba ana kazi nacho, lakini mabega yalimsaliti.

"Na hayo macho hayatulii yanatafuta nini?"

Hapakuwa na pa kukimbilia. "Wanawake, mama," fundi alisema, akiitazama sakafu.

Mama mkwe aliweka kadi mapajani. "Si ungesema tangu mwanzo? Huyo ni mdogo wangu, mjomba wenu. Tulimwoza mapema tukidhani itasaidia." Akavuta pumzi. "Haikusaidia. Nipe nyingine."

Siku hiyo vicheko vilisikika mpaka kwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, naye akaja kuuliza kuna nini. Hakuna aliyeweza kumjibu.

Miezi miwili ilipita hivyo, na kadi zilizosahaulika zikapungua mpaka zikaenea kwenye kiganja kimoja. Lakini furaha ikizidi hulegeza akili. Fundi, kwa kutaka kufupisha kazi, alikuwa ameanza kuandika chini ya kila maana jina la utani la mtu aliyepewa neno hilo. Aliandika mjomba, aliandika baba mwenye nyumba, aliandika jirani wa Karani. Na kwenye kadi ya garrulous, mtu anayeongea bila kituo, aliandika Mama Nyanya.

Jumamosi moja saluni imejaa, viti vyote vina watu, Mama Nyanya amesukwa nusu ya kichwa. Akachomoa kadi, akaisoma kwa sauti kama kawaida yake, akaigeuza. Fundi alimwona akisoma nyuma mara moja, kisha mara ya pili. Safari hii hakusoma kwa sauti.

"Kumbe na mimi nimo humu," alisema taratibu.

"Dada, huo ni utani tu."

"Utani nausikia unapotamkwa. Huu umeandikwa."

Aliirudisha kadi kwenye rundo, akalipanga rundo vizuri, akateremka kitini. Mke wa fundi alimshika mkono, akamsihi angoje walau amalize. Mama Nyanya alijifunga kitambaa juu ya nusu kichwa kilichosukwa na nusu kilichosimama, akaaga kila mmoja kwa jina lake, isipokuwa mmoja, akatoka.

Mke hakugomba mbele ya watu. Aliendelea na wateja mpaka wa mwisho, akafagia, akafunga madirisha. Ndipo akasema, "Yule ni mteja wangu tangu nina kiti kimoja. Leo anatembea sokoni na nusu kichwa kwa ajili yako. Kesho asubuhi utakwenda. Mimi siendi na wewe."

Soko la Jumapili lilianza mapema. Fundi alimkuta Mama Nyanya nyuma ya meza yake, kitambaa kimekazwa hadi kwenye nyusi, akipanga nyanya kwa mafungu. Hakumfukuza. Alimwonyesha kreti kwa kidole cha mguu, naye fundi akachutama, akaanza kuchambua, ngumu huku, laini kule. Walifanya kazi hivyo karibu saa nzima. Tangu amjue, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Mama Nyanya akiwa kimya, na kimya hicho kilimwelemea kuliko kelele zote za soko.

"Dada yangu, nimekosa," alisema hatimaye, nyanya mkononi. "Nilikuandika bila kukuuliza. Ulinisaidia kujifunza, mimi nikakulipa kwa kukucheka. Nisamehe."

Mama Nyanya alimhudumia mteja kwanza. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Unajua kwa nini naongea sana, shemeji? Hapa tuko wauza nyanya kumi na wanne, na nyanya zote zimetoka shamba moja. Nikinyamaza, mtu anapita. Nikimuuliza mtoto wake amepona, anasimama. Mdomo huu umesomesha watoto watatu."

"Nakuamini, dada. Na kule saluni?"

"Kule?" Akafikiri. "Kule nakosa breki tu." Pembe ya mdomo wake ikasogea kidogo. "Sasa niambie. Katika maneno yako elfu moja, hakuna hata moja zuri linalonifaa mimi?"

Aliahidi kutafuta.

Mchana huo alizimwaga kadi zote sakafuni, akazipitia moja moja, na kadiri alivyoendelea ndivyo alivyostaajabu. Waongo walikuwa na maneno kumi. Wanafiki na wajipendekezaji nane. Mabahili sita, wavivu saba, wenye majivuno hata aliacha kuhesabu. Watu wema walikuwa wachache kama wageni waliokosea mlango. "Walioandika kitabu hiki waliishi na majirani wabaya," alimwambia mke wake. Mke, ambaye bado alikuwa na kinyongo cha nusu siku, alishuka sakafuni akamsaidia kutafuta.

Walipata matatu. Fundi aliyaandika kwenye kadi mpya, kwa mwandiko mzuri, na Jumatatu akayapeleka sokoni. Affable, alieleza, ni mtu mkunjufu ambaye kila mtu anapenda kuongea naye. Magnanimous ni mwenye moyo mkubwa wa kusamehe. Indefatigable ni mtu asiyechoka, kazi ikimtazama inaona haya.

Mama Nyanya alizishika zote tatu, akazipima mkononi kama anayechagua nyanya. "Hili refu," alisema. "Ndilo langu. Hilo la kusamehe liweke, tutaona kwanza." Akamtaka alitamke mara tano, akalirudia mpaka likamkaa ulimini, akamgeukia jirani yake wa meza ya vitunguu na kumwambia jina lake jipya. Jioni ile ile akaja saluni kumaliziwa nusu ya kichwa.

Aliingia na sharti, na sharti likawa sheria. Mtu akipewa neno baya, siku hiyo hiyo apewe na zuri. Maneno mabaya yasiyo na mwenyewe yakaanza kupelekwa kwa marehemu, kwa ushauri wa Karani, aliyesema kwamba kwa uzoefu wake wa mahakamani marehemu hawafungui kesi. Na kwa kuwa kila mmoja sasa alitaka lake zuri, fundi alilazimika kutoka nje ya kile kitabu, akatafuta kwenye kamusi, akajifunza mengine mia mbili ambayo hakuwa ameyapanga. Mama mkwe alipewa sagacious, mwenye busara ya kuona mbali. Alilipokea bila kushangaa.

Siku ya mtihani wa pili, mlinzi wa pale mlangoni alimwagiza aache kila kitu kilichokuwa mifukoni. Fundi alitoa bisibisi yake, akaiona ikiwekwa kwenye kisanduku, akahisi kama amevuliwa shati. Chumba kilikuwa na kompyuta ishirini zilizotengwa kwa mbao, na baridi ya kiyoyozi kilichohitaji kusafishwa; aliijua sauti yake. Akavuta pumzi, akaanza.

Hayakuja yote aliyoyasoma. Mengine yalikuwa mageni kabisa, akayakisia kwa kuangalia maneno yaliyokuwa jirani nayo kwenye sentensi. Lakini alipoliona officious, viti vya msiba vilijipanga mbele ya macho yake na mgonjwa akatoka na kikombe cha uji, na alitabasamu peke yake mpaka msimamizi akasogea kuchungulia. Likaja equivocate, akamsikia shahidi. Likaja parsimonious, balbu ikapasuka. Kila neno liliingia na mtu wake, na kila mtu alikaa kwenye nafasi yake, na fundi alipoinua kichwa aliona dakika saba zimebaki na maswali yamekwisha.

Wiki mbili baadaye mke ndiye tena aliyesoma kwanza, saluni, wateja wote wakiwa wameacha kupumua. Hesabu, themanini na nane. Maneno, sitini na nne.

"Sitini na nne," mke alisema. "Hao thelathini na sita waliobaki, sijui wao wanasuka wapi."

Mama Nyanya alimkumbatia fundi mbele ya watu wote, akamwambia lile neno la kusamehe sasa anaweza kumletea.

Chuo kilimpa nafasi. Haikuwa rahisi kuondoka, na hakuna aliyejifanya ni rahisi. Kwa miezi minne fundi alikaa karakanani na vijana wawili waliohitimu chuo cha ufundi, akawafungulia kila mashine mpaka mfupa, akawalazimisha kuharibu visahani vyao wenyewe vya alumini mpaka wakapata. Mama mkwe alihamia nyumbani kusaidia na watoto, na jirani wa madirisha, baada ya kuongea na mama mkwe mara moja tu, alihamishia msumeno wake upande wa pili wa nyumba.

Ujumbe wake wa kwanza mrefu kutoka huko ulisomwa saluni siku ya Ijumaa. Alisema chumba chake ni kidogo lakini kina joto. Alisema kazi ni nzuri, anashughulikia mashine ya watoto njiti itakayotunza joto saa sita baada ya umeme kukatika. Kisha akasema jambo lililowafanya wasimamishe vitana. Tangu afike, hakuna mtu hata mmoja aliyetumia neno lolote kati ya yale elfu moja. Kwenye maabara wanasema leta hiki, shika pale, hiki kimekufa, basi. Siku moja yeye mwenyewe aliitazama pampu iliyowaka na kuzimika kwa hiari yake, akasema hii pampu ni capricious. Watu wote wakageuka. Mhadhiri wake alimuuliza amejifunza wapi Kiingereza cha namna hiyo.

"Nikamwambia saluni," ujumbe ulisema. "Alidhani natania."

Karani alicheka kimyakimya, kisha akauliza kama zile kadi bado zipo. Naye alikuwa anafikiria kusoma zaidi, alisema, bado ni wazo tu, lisitangazwe. Mama Nyanya, aliyekuwa kitini, aliapa kwamba kwake siri imefika kaburini. Kufikia Jumapili soko zima lilikuwa linamtakia Karani heri.

Mama mkwe humpigia mkwe wake simu kila wiki. Masomo hamuulizi, anasema hayo wenyewe wanayajua. Humuuliza kama anakula, kama analala, na kama baridi imepungua. Fundi hujibu moja baada ya jingine kwa adabu, amesimama, ingawa hakuna anayemwona, na siku hizi majibu yake ni marefu kidogo kuliko ya mwanzo. Wiki iliyopita alisema amepata rafiki wa kucheza naye karata, na kwamba wamebakiza miezi mitano mashine yao ijaribiwe. Mama mkwe akamwambia sawa, baba, vaa soksi, akampa simu mtoto mdogo.